Nimeipiga blacklist usb-storage lakini flashi bado zinafunguka. Nani anaipakia hii draiva?

Ticha wa Maabara (Mafinga)

Kamwene wakuu, na kwa msiosema Kihehe, habari za baridi.

Nasimamia maabara ya kompyuta ya sekondari moja huku Mafinga. Mashine ni za mezani, za mitumba, zote nimeziwekea Linux Mint. Sasa uongozi wa shule umetoa agizo: flashi marufuku maabara. Sababu anaijua yeyote aliyewahi kukaa na wanafunzi: muvi, miziki, na ukifika msimu wa mitihani kila mtu anataka kuondoka na faili ambalo si lake. Kung'oa waya za matundu ya USB siwezi, maana kibodi na mausi nazo zinachomekwa humo humo.

Nilichoelewa ni kwamba draiva ya flashi inaitwa usb-storage, na ukiipiga blacklist haipakiwi mashine ikiwaka. Nikatengeneza faili /etc/modprobe.d/zuia-flashi.conf, ndani mstari mmoja tu:

`blacklist usb-storage`

Nikazima, nikawasha, nikachomeka flashi. Ikafunguka kama kawaida, picha za send-off ya mtu zikajaa kioo kizima mbele ya darasa.

Nikiandika `lsmod | grep usb_storage` napata:

`usb_storage 77824 1 uas`

Kama imepigwa marufuku, nani kaipakia? Na je, kuna namna ya kuhakikisha draiva haiingii kabisa, si kwa kubahatisha?

---

Baridi ya Makete

Gundi ya moto kwenye matundu ya mbele, ticha. Kesi imefungwa. 😂

---

Mama Parachichi (Njombe)

Naweka kiti hapa. Nina swali linalofanana na hili ila langu ni la kinyume chake, nasubiri huyu ajibiwe kwanza.

---

Kipunji (Tukuyu)

Ticha, jibu umelileta mwenyewe. Angalia neno la mwisho kwenye mstari wako: uas. Moduli ni kipande cha programu, kama draiva, kinachopakiwa ndani ya keneli (kiini cha Linux), na lsmod ni orodha ya zilizopakiwa. Safu yake ya mwisho inaonyesha moduli nyingine inayoitumia hii. Kwa hiyo usb_storage haikuingia kwa miguu yake, imebebwa.

Twende polepole maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea.

Ukichomeka kifaa, keneli inasoma utambulisho wake na kutoa mfuatano mrefu wa herufi na namba. Kwa flashi ya kawaida mwisho wake huwa `ic08isc06ip50in00`. Hiyo ic08 ndiyo inayosema "mimi ni hifadhi ya data". Udev, mpokeaji wa vifaa vinavyochomekwa, anaupokea mfuatano huo, anaupeleka kwa kmod, mpakiaji wa moduli, na kmod anaulinganisha na orodha iliyoko kwenye /lib/modules, chini ya folda ya toleo la keneli yako, faili la modules.alias. Humo kila moduli imeandikiwa lakabu zake. Inayolingana inapakiwa. Hakuna mahali palipoandikwa "mashine ikiwaka pakia usb-storage". Ni kifaa chenyewe kinachoita.

Sasa neno blacklist kwenye modprobe.d lina kazi moja finyu sana: linasema lakabu za moduli hii zipuuzwe. Basi. Moduli ikiitwa kwa jina lake kamili, inaingia. Moduli nyingine ikiihitaji, inaingia pia. Ni kama kondakta wa basi la Tunduma aliyeambiwa asimpakie fulani: huyo fulani akija amebebwa mgongoni mwa mama yake, kondakta anahesabu mama tu.

Mama mwenyewe ni uas, draiva nyingine ya hifadhi za USB. Andika hizi mbili uone:

`modinfo -F alias uas`
`modinfo -F depends uas`

Ya kwanza itakuonyesha kuwa uas ina lakabu inayoishia ip62, ambayo ni ya diski za USB za kisasa, lakini pia ina ile ya ip50, ambayo ni ya flashi yako ya kawaida. Ya pili itakujibu usb-storage. Kwa hiyo ulipochomeka flashi, lakabu ya usb-storage ilipuuzwa kama ulivyoagiza, ya uas ikakubaliwa, na uas haiwezi kusimama bila usb-storage. Hakuna aliyekaidi amri yako. Amri ilikuwa ndogo kuliko ulichokitaka.

---

Fundi wa Soweto (Mbeya)

Kipunji kamaliza nadharia, mimi nilete spana.

Ukitaka kufunga kweli tumia `install`. Futa mstari wako, faili liwe hivi:

`install usb-storage /bin/false`
`install uas /bin/false`

Maana yake ni kwamba yeyote atakayeomba moduli hii ipakiwe, usiipakie. Badala yake endesha hiyo programu. Na /bin/false kazi yake ni kushindwa tu. Hapa haijalishi kama imeitwa kwa lakabu, kwa jina, au kwa kubebwa. Kistari na kistari cha chini havina tofauti ndani ya faili hili, usb-storage na usb_storage ni kitu kimoja.

Jina la faili lazima liishie .conf. La kwako liko sawa, naandika kwa ajili ya watakaosoma baadaye, maana nimeletewa mashine yenye faili zuri tu linaloitwa blacklist.txt na mwenyewe analia haifanyi kazi. Lisiloishia .conf halisomwi.

Kabla ya kuzima, pima kwanza:

`modprobe -n -v usb-storage`

Hiyo -n haifanyi chochote, inakuonyesha tu ambacho kingefanyika. Ukiona `install /bin/false`, imeshika. Ukiona `insmod` na njia ndefu ya faili, bado.

---

Kitonga Mlimani (Iringa)

Mkuu Fundi, wengine huwa wanaandika /bin/true. Tofauti ni nini?

---

Fundi wa Soweto

Matokeo ya kuzuia ni yale yale, moduli haiingii. Ila /bin/true inamdanganya aliyeomba kwamba kazi imefanyika, na /bin/false inamwambia imeshindikana. Mimi napenda false. Siku ukiwa unatafuta kwa nini kitu hakifanyi kazi, afadhali uone kosa limeandikwa kuliko kimya. Wapo wanaopenda true ili logi zisijae makelele. Sibishani nao, ila wasiniletee mashine zao.

---

Ticha wa Maabara

Nimefanya kama alivyosema Fundi kwenye mashine moja ya majaribio. Nimechomeka flashi, kimya. `lsmod` haina usb_storage wala uas. Asanteni sana wakuu.

Nakopi kwenye zote jioni hii umeme ukirudi.

---

Baridi ya Makete

Gundi yangu imedharauliwa hivi hivi.

---

Ngozi Crater (Mbeya)

Nadandia uzi kwa heshima. Nina kile kidude cha USB cha kupokea TV ya DVB-T, chenye chipu ya RTL2832U, nakitumia kama redio ya kompyuta. Nataka kunasa ndege zinazopita juu ya Mbeya kwenye 1090 MHz, zile zinazotangaza zenyewe mahali zilipo. Nikifungua programu inasema "Kernel driver is active, or device is claimed by second instance of librtlsdr". Hii nayo ni ya blacklist au ya install?

---

Kipunji

Yako ni blacklist ya kawaida, na ni mfano mzuri wa mahali ambapo hiyo peke yake inatosha. Keneli inakiona kidude hicho ni cha TV, kwa hiyo inapakia dvb_usb_rtl28xxu na kukishikilia. Programu ya redio inataka kuongea nacho moja kwa moja, inakuta mwenye nyumba yupo ndani. Hakuna moduli nyingine itakayoibeba hiyo, inaingia kwa lakabu peke yake. Andika

`blacklist dvb_usb_rtl28xxu`

kwenye faili la .conf, kisha `sudo modprobe -r dvb_usb_rtl28xxu`, chomoa, chomeka tena. Usisahau hiyo modprobe -r. Kuandika faili hakuiondoi moduli iliyokwisha kuingia, faili linahusu maombi yanayokuja.

Kwenye Debian na Ubuntu ukiweka paketi za rtl-sdr huwa zinakuja na faili lake la kuzuia. Ukikuta halijashika, mara nyingi ni kwa sababu moduli ilikuwa ndani tayari na hukuwasha upya. Na antena uiweke juu ya paa, Mbeya ina milima pande zote. Ndani ya nyumba utaambulia ndege inayotua Songwe tu, ukibahatika.

---

Ngozi Crater

Imekubali mkuu. Ndaga fijo.

---

Ticha wa Maabara

Wakuu nimerudi, na nimerudi na habari.

Mashine zote zilikuwa salama. Leo nakuta kijana wa Form Three anacheka peke yake kwenye kona. Nikasogea: muvi. Flashi iko kwenye tundu, imefunguka. Nikamchomolea, nikairudisha, ikafunguka tena. Nikamuuliza umefanyaje. Akanijibu kwa adabu zote: "Mwalimu, ukiichomeka kompyuta ikiwa imezimwa halafu ukaiwasha, inakubali."

Nimejaribu mwenyewe, ni kweli. Kwenye mashine ya majaribio haitokei, kwenye hizi nyingine zote inatokea. Faili ni lile lile, nililikopi kama lilivyo. Nini tena?

---

Mama Parachichi

Huyo mtoto mpeni kazi.

---

Fundi wa Soweto

Huyo kijana kagundua initramfs bila kujua jina lake. 😂

Ticha, sikiliza. Keneli ikiamka haina diski bado. Ili ifike kwenye diski inahitaji draiva, na draiva ziko kwenye diski. Ndiyo maana GRUB, programu inayoiamsha keneli, inaipa kifurushi kidogo pembeni, ndicho /boot/initrd.img pamoja na namba ya toleo. Ndani yake mna draiva za kuanzia, mna udev wake, na mna nakala ya /etc/modprobe.d jinsi ilivyokuwa siku kifurushi kilipofungwa. Kwa Mint, Ubuntu na Debian, kifurushi hicho kwa kawaida kinabeba na usb-storage na uas, kwa sababu wapo watu wanaowasha mfumo wao kutoka diski ya USB.

Sasa kijana anachomeka flashi kabla ya kuwasha. Udev wa ndani ya kifurushi anaiona, anaangalia nakala yake ya modprobe.d, nakala ni ya zamani, haina katazo lako. Anapakia. Mfumo wenyewe unapokuja kuamka na kusoma faili lako jipya, draiva imeshakaa na imeshaishika ile flashi.

Dawa:

`sudo update-initramfs -u -k all`

Hiyo `-k all` ni muhimu. Ukiacha, unafunga upya kifurushi cha keneli mpya tu, na kijana wako akichagua keneli ya zamani kwenye menyu ya GRUB mchezo unaanza upya. Kisha hakikisha:

`lsinitramfs /boot/initrd.img-$(uname -r) | grep zuia-flashi`

Jina la faili lako likitokea, limeingia kwenye kifurushi.

Kwa wa Fedora ni `sudo dracut -f --regenerate-all`, wa Arch `sudo mkinitcpio -P`.

Na kwa nini mashine ya majaribio haikusumbua? Nadhani baada ya kuandika faili ulifanya apdeti iliyogusa keneli, na apdeti hiyo hufunga kifurushi upya yenyewe.

---

Ticha wa Maabara

Ndiyo, hiyo niliifanyia apdeti siku ile ile. Basi imeeleweka. Nimeendesha update-initramfs kwenye zote na nimemwita yule kijana ajaribu mbele yangu. Kashindwa, kasikitika kweli.

---

Kitonga Mlimani

Mimi bado sijaridhika. Nimeona mahali wanaandika kwenye GRUB, `modprobe.blacklist=` na pengine `module_blacklist=`. Hizi ni kitu kimoja?

---

Kipunji

Zinafanana sura tu.

`modprobe.blacklist=` keneli yenyewe haihangaiki nayo. Anayeisoma ni modprobe na ndugu zake, na uzito wake ni sawa na mstari wa blacklist kwenye faili. Ukiandika `modprobe.blacklist=usb_storage` utarudi kwenye tatizo la kwanza la ticha, la kubebwa na uas. Faida yake ni kwamba unaweza kuijaribu mara moja kwa kubonyeza e kwenye GRUB bila kugusa faili lolote, na inafanya kazi hata ndani ya initramfs.

`module_blacklist=` ni ya keneli. Hapo hata root akija na insmod na njia kamili ya faili, anakataliwa, na kwenye dmesg unakuta "Module usb_storage is blacklisted". Hakuna wa kubebwa wala wa kupenya. Lakini hapa kistari kina maana: lazima uandike `usb_storage` kwa kistari cha chini, kwa sababu keneli inalinganisha jina herufi kwa herufi. Ukiandika usb-storage haitalalamika, na haitazuia kitu.

Inakaa kwenye /etc/default/grub:

`GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT="quiet splash module_blacklist=usb_storage,uas"`

halafu `sudo update-grub`.

Kwa maabara ya ticha mimi nisingeiweka. Ile ya install inamwachia mlango mwenye funguo. Mwalimu akitaka kutumia flashi yake anaandika

`sudo modprobe -i usb-storage`

Hiyo -i inasema puuza mstari wa install kwa mara hii. Flashi inafunguka, anafanya kazi yake, anaichomoa kwa utaratibu, anamaliza na `sudo modprobe -r usb-storage`. Ukiwa na module_blacklist, hata mkuu wa shule akija na flashi ya ripoti itabidi uzime uwashe.

---

Kitonga Mlimani

Sawa. Na nouveau je, ile draiva huria ya kadi za NVIDIA? Nataka kuweka draiva ya NVIDIA yenyewe.

---

Fundi wa Soweto

Kwa Mint au Ubuntu usiandike chochote, tumia ile programu ya kusimamia draiva iliyoko kwenye menyu. Ikiweka draiva ya NVIDIA inaweka na katazo la nouveau, na kufunga initramfs upya. Wanaohangaika ni wale wanaopakua faili la .run na kuanza kuchimba wenyewe.

---

Mama Parachichi

Sasa zamu yangu. Wenzangu mnazuia, mimi nataka ije yenyewe.

Narusha ibada mtandaoni kila Jumapili. Kamera ya OBS (programu ya kurusha video) inapita kwenye kamera ya bandia, v4l2loopback. Kila asubuhi lazima mtu akumbuke kuandika `sudo modprobe v4l2loopback`, na asipokumbuka wimbo wa kwanza unaimbwa watu wa mtandaoni wanaangalia giza. Nataka mashine ikiwaka iwepo, na iwe na jina lile lile kila siku.

---

Kipunji

Dada, hiyo haina kifaa cha kuiita, ndiyo maana haiji. Kamera ya bandia haichomekwi popote, kwa hiyo hakuna lakabu itakayopiga kelele. Lazima uitaje kwa jina. Mafaili mawili.

La kwanza /etc/modules-load.d/kamera.conf, ndani neno moja:

`v4l2loopback`

La pili /etc/modprobe.d/kamera.conf:

`options v4l2loopback devices=1 video_nr=10 card_label="Kamera ya Ibada" exclusive_caps=1`

Yasichanganywe. Folda ya modules-load.d ni orodha ya majina tu, ya kupakiwa mfumo ukiwaka. Folda ya modprobe.d ni masharti: ikipakiwa, ipakiwe vipi, au isipakiwe. Hiyo video_nr=10 inakupa /dev/video10 siku zote, hata ukichomeka kamera nyingine tatu. Na exclusive_caps=1 iache hapo, bila hiyo vivinjari vingi havioni kama hiyo ni kamera.

Jambo moja la kuangalia: v4l2loopback haimo ndani ya keneli, inajengwa na DKMS kila keneli mpya ikija. Kwa hiyo hakikisha paketi ya vichwa vya keneli, linux-headers, ipo. Ikikosekana, apdeti ya keneli inapita vizuri halafu Jumapili kamera haipo.

---

Mama Parachichi

Nimeandika yote, nimewasha upya, inanijibu "Key was rejected by service".

---

Kipunji

Secure Boot. Keneli inakataa moduli isiyosainiwa kwa ufunguo inaoutambua. Ubuntu hutengeneza ufunguo wake wa DKMS, uko kwenye /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der. Uandikishe:

`sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`

Itakuomba nenosiri la muda, chagua lolote. Washa upya. Itakuja skrini ya bluu, chagua Enroll MOK, andika lile nenosiri. Usiipite hiyo skrini kwa haraka, inasubiri sekunde chache tu, na ukiikosa inabidi uanze upya na mokutil.

Wengine watakwambia zima Secure Boot kwenye BIOS. Inafanya kazi pia. Kama mashine inakaa kanisani na kila kijana wa kwaya anaigusa, mimi ningeiacha imewashwa.

---

Mama Parachichi

Imekuja yenyewe. Kanisa lote litakushukuru bila kukujua.

---

Chai Bora Tu (Mufindi)

Wakuu, laptop yangu imemwagikiwa chai. Kibodi yake inajiandika yenyewe, "jjjjjjj" mpaka kesho. Natumia kibodi ya USB. Nimepiga blacklist atkbd, draiva ya kibodi, nimeweka install, nimefunga initramfs upya kama mlivyofundisha hapa, bado inaandika. Na kwenye lsmod atkbd haipo kabisa!

---

Fundi wa Soweto

Haipo kwenye lsmod na bado inafanya kazi? Basi si moduli, imejengwa ndani ya keneli yenyewe. Hakikisha:

`grep atkbd /lib/modules/$(uname -r)/modules.builtin`

Ikitokea hapo, yote tuliyosema juu hayakuhusu. Huwezi kuzuia isipakiwe kitu ambacho hakipakiwi, kimezaliwa nacho. Hapo unatafuta kama keneli ina swichi ya kukizima. Kwa kibodi ya laptop ya aina hiyo ipo: ongeza `i8042.nokbd` kwenye ule mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, kisha `sudo update-grub`. Padi ya kugusa itaendelea. Ijaribu kwanza kwa e kwenye GRUB kabla ya kuiandika moja kwa moja, si laptop zote zina kibodi inayopitia hapo. Na kwenye menyu ya GRUB kibodi mbovu itaendelea kuandika, maana keneli bado haijaamka.

Au fungua uchomoe utepe wa kibodi. Kwa chai yenye sukari ningechomoa leo leo.

---

Kitonga Mlimani

Kwa hiyo mtu akipiga install /bin/false kwenye kitu kibaya, mfano draiva ya diski, si anajifungia nje?

---

Kipunji

Anajifungia vizuri sana, hasa akishaendesha update-initramfs. Msicheze na nvme, ahci, usbhid kama kibodi ni ya USB, wala chochote chenye xhci au ehci. Ikitokea, wakati wa kuwasha utaishia kwenye kialamisho cha `(initramfs)`. Washa kwa flashi ya Linux ya moja kwa moja (live USB), iunganishe (mount) diski yako, futa faili, ingia kwa chroot, funga initramfs upya. Keneli ya zamani kwenye menyu inaweza kukuokoa pia, kama hukuandika `-k all`. Ndiyo maana mimi napima kwa `-u` peke yake kwanza, `-k all` inakuja nikisharidhika.

---

Ngozi Crater

Ticha, umefunga flashi, lakini simu je? Mwanafunzi akichomeka simu kwa waya?

---

Ticha wa Maabara

Ndilo nililokuja kuuliza leo. Simu zinafunguka. Na lsmod ni safi, hakuna usb_storage.

---

Kipunji

Simu za Android za siku hizi zinaongea MTP, njia ya kuhamisha mafaili kwa waya, na MTP kwenye Linux inashughulikiwa na programu za kawaida, haina draiva yake kwenye keneli ya kuzuia. Hapo modprobe.d imefika mwisho wake. Pia angalia kama kuna mashine yenye tundu la kadi ya SD, nyingi hazipiti usb_storage, zina draiva zao.

Kwa maabara yako ningeweka USBGuard juu ya hizi. Badala ya kuhesabu vya kukataza, unaorodhesha vinavyoruhusiwa. Unachomeka kibodi na mausi tu, unaendesha `usbguard generate-policy`, unachopata unakiweka kwenye /etc/usbguard/rules.conf kabla ya kuwasha huduma yenyewe. Ukiiwasha bila orodha, kibodi na mausi vinaweza kugoma hapo hapo. Kero yake ni kwamba mausi ikifa ukaleta nyingine, itagoma mpaka uiruhusu, na kwenye shule mausi zinakufa kila muhula.

Na BIOS uiwekee nenosiri na uzime kuwasha kwa USB. Kijana aliyegundua ile ya initramfs atafika kwenye flashi ya Linux ya moja kwa moja, na huko modprobe.d yako haipo. GRUB nayo ifungwe, maana kwa e anaweza kuandika anachotaka.

---

Ticha wa Maabara

BIOS na GRUB nazifunga kesho. Swali la mwisho: keneli ikija mpya kwa apdeti, nirudie haya yote?

---

Fundi wa Soweto

Hapana. Faili likiwa kwenye /etc/modprobe.d linabaki, na keneli mpya ikiwekwa initramfs yake inafungwa na faili hilo ndani. Vinavyopotea ni vile watu wanavyoandika moja kwa moja kwenye /boot/grub/grub.cfg au kwenye /lib/modprobe.d, huko apdeti inapita na fagio. Baada ya keneli mpya endesha ile lsinitramfs kwenye mashine moja, ukiona zuia-flashi imo, nyingine ziache.